Hadithi ya Mchana

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimempata binti wangu wa ngomani! Zuena, wa darasa la nne. Shule imefungwa, nilimkuta ufukweni hapa Kiegeani akifunga mwani kwenye kamba huku anaimba. Sauti nyembamba, haitetemeki. Hadithi yenyewe kila mtoto anaijua: binti anasahau kombe lake la baharini mwambani, anarudi peke yake kulifuata, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Linazunguka naye vijijini. Ngoma ikipigwa, yeye anaimba. Mpaka siku mama yake anaitambua sauti. Natengeneza filamu fupi tu, iigizwe na watoto kwa ajili ya watoto.

Mama yake Zuena, Bimkubwa, yuko Dar kwa matibabu tangu Ramadhani. Baba anamuuguza huko huko. Mtoto yuko kwa shangazi yake, Bi Aziza. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanipima kwa macho kuanzia kichwani hadi viatuni. Ameruhusu. "Lakini unirudishie mzima, madamu. Miguu yote miwili."

Alhamisi, 12 Juni 2025

Zuena amegoma. Hadithi haisimuliwi mchana — ukisimulia mchana, mama yako anapotea. Nilitaka kucheka. Mimi mtu wa Songea, nina digrii, na taa za kupigia picha usiku sina! Damian, mwalimu mwenzangu anayeshika kamera, akamwambia yeye anasimulia mchana kutwa na mama yake yupo Kibaha ananenepa. Watoto wakaangua kicheko. Zuena hakucheka.

Kisha mwenyewe akaleta njia. Hadithi inakuwa hadithi pale mtu anaposema paukwa na wengine wakaitika pakawa. Asiposema mtu, basi huo ni mchezo tu, na mchezo mchana ruhusa. Tumekubaliana. Tumepeana mkono. Alinikazia macho kama hakimu.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwanafunzi mwenzake, Matano, ndiye zimwi. Makuti mgongoni, masizi usoni, na bado wenzake hawamwogopi: "Zimwi gani linakimbia mbwa!" Ngoma yetu ni pipa la maji, tumeliwamba ngozi ya mbuzi. Zuena alipoimba mle ndani, hata Damian aliacha mzaha wake.

Halafu ulimi wangu. Ulimi wangu huu!

Watoto wa kuisikiliza ngoma walikuwa wamechoka, wanasinzia kwa jua. Nikataka kuwaamsha. Nikapaza sauti: Paukwa! Wakaitika wote kwa mpigo: Pakawa! Na sauti ya Zuena ikatoka ndani ya pipa, wazi kabisa. Ilimponyoka. Ndivyo walivyolelewa wote, hawawezi kuisikia wakanyamaza.

Alitoka. Hakulia. Aliniuliza jua liko wapi. Nikamwonyesha — utosini. Akaenda zake bila kuaga.

Nimekifuta kipande hicho. Damian anasema najitesa bure, ni kelele za watoto tu. Labda.

Jumapili, 15 Juni 2025

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa Bi Aziza kuomba radhi. Zuena akanilaki mlangoni: mama yake amepiga simu jana jioni! Wameongea, mama amecheka. "Kumbe haikushika, madamu." Kesho tunamalizia.

Nilivyofurahi! Njiani nikaona haya. Mimi nisiyeamini — nilikuwa nimeogopa nini?

Jumatatu, 16 Juni 2025

Bimkubwa amefariki. Alfajiri.

Bi Aziza alikuja mwenyewe, kabla watoto hawajafika. Shikamoo yangu hakuitika. Mwili unakuja na boti ya leo, na baba ndiye atakayemwambia mtoto. Mtu mwingine asiseme. "Mchezeshe hiyo sinema yenu. Asije nyumbani akakuta turubai." Nikamwambia sitaweza. Akasema nitaweza, si nimesoma. Sijui kama lilikuwa tusi.

Mimi nilipofiwa na baba walinituma dukani, chumvi. Nilirudi nyumba imejaa watu. Nilikaa na ile chumvi mkononi hadi ikalowa, hakuna aliyeipokea.

Kilichobaki kilikuwa kipande cha mwisho. Mama anaichana ngoma, binti anatoka. Mama ni mimi — wanawake wa hapa waliionea haya kamera. Nikaichana ngozi. Zuena akatoka, akanirukia shingoni. Damian anajua, alijifanya anafuta lenzi. Zuena akasema hakunikumbatia vizuri, turudie. Tukarudia. Tukarudia tena. Kila mara anatoka na furaha zaidi, na kila mara ananinong'oneza: "Madamu, usilie. Mama huyu anafurahi."

Sasa betri inachaji ofisini kwa walimu. Naandika ili mikono iwe na kazi. Zuena yuko kizingitini na andazi lake. Anasema leo usiku atamsimulia mama yote kwenye simu. Usiku ruhusa.

Damian ametoka nje, harudi.

Bajaji imesimama. Bi Aziza anashuka, anatembea peku. Nyuma yake mwanamume. Zuena amesimama — "Baba! Madamu, baba huyo!" Anapiga makofi. Kama baba karudi, basi karudi na mama. Kipande cha andazi kilichobaki kaniwekea mezani. Ananiuliza avue kwanza nguo za mchezo, au aende hivi hivi, mama amwone alivyopendeza. Hajatoka. Anasubiri nimjibu —