Tuliyemwacha Kituoni

San Andrés de Teixido,
Galisia.
12 Septemba 2003

Mpendwa Kaka Eladio,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya ukuta mfupi wa mawe mbele ya kanisa la Mtakatifu Andrea. Karatasi nimeilaza juu ya goti langu zima, kwa maana lile jingine halitaki kuguswa hata na karatasi. Kabla ya jambo lolote nauliza hali yako. Je, kifua kimetulia? Barua yako ya mwisho ilitufikia mwezi Juni, na mwandiko wake ulikuwa umeinama kama nyasi zilizopigwa na mvua. Tangu siku ile namtazama mleta barua kama mtu anayengoja hukumu. Iwapo mkono umechoka, mwombe mkeo Nélida aandike walau mistari miwili. Ukimya wa huko kwako Montevideo unanitisha, Kaka, nami sina umri wa kuuzoea.

Sisi huku tu wazima, kwa kadiri umri unavyoruhusu. Viazi tumevuna, ingawa mvua ya Agosti iliozesha vingi vikiwa ardhini. Uxía, binti yangu, amejifungua mtoto wa pili, wa kiume, na wamempa jina la Amaro. Sikuwashauri wala sikuwakataza. Niliposikia tu, nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Sasa nakuja kwenye agizo lako. Ulitutaka tumpeleke marehemu ndugu yetu Amaro kwa Mtakatifu Andrea kabla mwaka wa msiba haujatimia. Uliandika kwamba umemwona ndotoni, amesimama mlangoni pako, viatu vimelowa, haingii wala haondoki. Wifi yangu Obdulia aliisoma sentensi hiyo, akaikunja barua, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Usemi wa wazee wetu unaujua kuliko mimi: asiyefika Teixido akiwa hai, atafika akiwa mfu, akitambaa kama mjusi au chura. Amaro kila mwaka alisema atakwenda viazi vikishavunwa, na kila mwaka viazi vilimpa udhuru mpya.

Basi siku ya Jumanne, baada ya misa, tulikwenda makaburini wawili tu. Obdulia aligonga jiwe la kaburi kwa kichwa cha fimbo yake, akasema kwa sauti ile ile aliyomwamshia miaka yote ya ndoa yao: “Amaro, inuka. Tunakwenda kwa Mtakatifu Andrea. Uvae na koti, usije ukanisumbua na mafua yako.” Kisha tulilishika lango la makaburi likiwa wazi kwa muda mrefu, muda unaomtosha mtu wa mwendo wake, ndipo tukaanza safari.

Ninyi mlio mbali huenda mkadhani tulitembea kwa huzuni. Hapana. Obdulia alimzungumzisha mumewe njia nzima, akimwonyesha mashamba ya watu na kuyatoa makosa. Mimi aliponikumbuka, alinikumbuka kwa masimango. Katika kilima cha kwanza, pale mikaratusi ilipotufunga pande zote, alisimama akanisubiri, mkono kiunoni. “Mwalimu mkuu mzima unashindwa na kilima ulichokuwa ukiwachorea watoto ubaoni? Jikaze, wifi. Ukiendelea hivi tutafika marehemu wawili na mjane mmoja.” Jioni, penye nyumba ya wageni, aliomba sahani tatu. Mwenye nyumba alizileta bila kuuliza swali, na ile ya tatu aliipakulia supu ya kabichi kama zetu.

Siku ya pili mvua ilitushika baada ya Valdoviño, mvua ile ya kulala ubavu unayoijua, ipitayo chini ya mwavuli. Goti langu lilikuwa limevimba hata soksi haikupanda. Tulijibanza chini ya kibanda cha kituo cha basi kwenye njia panda, Obdulia akimwambia Amaro asogee ndani asilowe. Punde likapita gari la kusambazia mikate, likasimama, na mama mnene akachungulia dirishani. “Ninyi bibi wawili mnatafuta nini huku, homa? Pandeni, mikate yangu inapoa!” Akanivuta kwa mkono, Obdulia akanisukuma kwa bega, mlango ukapigwa, tukaondoka. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mkate mpya. Nakiri kwamba nilifurahi.

Tulifika mji wa Cedeira, tukapata nyumba ya wageni, tukabadili nguo, tukaketi mezani. Sahani tatu tena. Obdulia akapakua ya kwanza, akapakua ya pili, akainua upawa juu ya ile ya tatu, na upawa ukabaki hewani.

“Wifi,” akasema, “nani alimfungulia mlango?”

“Nilidhani wewe.”

“Mimi? Mimi nilikuwa nakuinua wewe na goti lako!”

Kaka, naomba unielewe. Nimefundisha jiografia hadi nywele zikawa nyeupe, nami ukiniuliza mchana kweupe kama roho ya mtu huketi kwenye kiti cha gari, nitakujibu kwa tahadhari. Lakini sisi sote tulimjua Amaro. Huyu ni mtu ambaye hata nyumbani kwangu, dada yake wa tumbo moja, alisimama kizingitini mpaka akaribishwe mara mbili. Chakula hakuonja asipoambiwa onja. Angepandaje gari la mgeni pasipo mtu kutamka jina lake? Nilimwona waziwazi, ameketi kwenye kibanda kile, koti limemlowa, akilitazama gari likipotea. Ndipo nikavikumbuka vile viatu ulivyoviona ndotoni, nikaisogeza sahani yangu kando.

Mwenye nyumba alijaribu kutufariji. Alisema, “Atawafuata tu, njia si anaijua?” Obdulia akamgeukia. “Huyu? Huyu alipotea akienda Ferrol kununua misumari!” Watu wa meza ya pili wakacheka, ila kikongwe mmoja miongoni mwao hakucheka. Alisema polepole kwamba roho hukaa pale ilipoitwa mara ya mwisho. Mkiisha kuitoa kaburini kisha mkaiacha njiani, haina tena kaburi na haina mtakatifu. Supu ya Amaro ikapoa ndani ya sufuria.

Shida yangu ikawa hii. Mwenye duka la dawa alikwisha kuniambia kwamba goti likitumiwa tena linaweza kukataa kabisa, na mlima wa Capelada ulikuwa bado mbele yetu. Kurudi njia panda kulikuwa kuongeza safari juu ya mguu uliokwisha kuomba likizo. Kutorudi kulikuwa kuja hapa mikono mitupu, kisha kukuandikia nini? Ningeweza kukuficha, Kaka. Wazo hilo lilinijia, nami nililiona likija, nikalifungia mlango.

Asubuhi tulipanda basi la kurudi. Kibanda kilikuwa kitupu, benchi limelowa, na chura mkubwa alikuwa akivuka sakafu. Tulisimama kumpisha, kama ipasavyo kwenye njia hii, ambako hakuna atakayemkanyaga kiumbe atambaaye asije akawa ni mtu wake. Nilimtazama Obdulia kwa matumaini. “Siye,” akasema. “Amaro hakuwahi kuwa na haraka hivyo.”

Kisha alilikabili benchi lile tupu na kuanza kulikaripia. “Umenuna, sivyo? Nuna! Miaka yote ilikuwa hivi, unangoja ubembelezwe. Ulishindwa hata kugonga bati la gari? Ulishindwa kusema, Obdulia, ningoje? Na hospitalini vilevile, ukaondoka nimekwenda kuchota maji, hata neno…” Kaka, tangu siku ya mazishi mwanamke huyu hakuwahi kutoa chozi mbele ya mtu, nasi wifi zake tulikwisha kumsema kwa hilo. Pale kituoni alilia hadi akaketi kwenye yale maji ya benchi. Mimi nilisimama kando na fimbo yangu nikiogopa kumgusa. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa cha kichwa, akapapasa nafasi iliyokuwa kando yake na kusema kwa upole, “Haya, mume wangu. Karibu. Nasema mara ya pili: karibu.”

Basi la kwenda Cedeira lilipofika, Obdulia alipanda mwisho, akasimama mlangoni akihesabu kwa macho. Dereva alikuwa mtu wa huku huku.

“Wangapi, mama?”

“Watatu. Mmoja marehemu.”

“Marehemu alikuwa na umri gani?”

“Sabini na tatu.”

“Basi ana punguzo la wazee,” dereva akasema, akakata tiketi tatu. “Akae dirishani, upande wa bahari. Huku kwingine kuna jua.” Jua lenyewe halikuwapo, lakini tulimshukuru.

Leo alfajiri tukaukabili mlima. Sitakudanganya kwamba nilitembea vyema. Ukungu ulikuwa mzito hata farasi wa porini walitutokea ghafla kama watu walioitwa, na chini yetu, mahali nisipopaona, bahari ilikuwa ikipiga magenge. Katika kila rundo la mawe ya mahujaji tuliongeza yetu: langu, la Obdulia, na la Amaro, ambalo mkewe alilichagua dogo, “maana hakupenda kubeba.” Karibu na kilele goti lilikunjika nikaanguka. Hapo ndipo hofu ilinishika barabara, Kaka, kwa maana nilikumbuka kwamba mimi nami sijawahi kufika. Nilizaliwa kwa mwendo wa siku chache kutoka hapa, na nikafikia sabini nikisema, mwakani. Obdulia aliniinamia. “Inuka, wifi. Ukinifia hapa utakuwa mjusi, na mimi mijusi sibebi.” Nikainuka. Tumeshuka kijijini kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu.

Misa tumesikiliza, mshumaa tumewasha. Kisha tulikwenda kwenye chemchemi kutupa mkate, kama mama yetu alivyotusimulia. Ukielea, mtakatifu amekusikia na utarudi tena. Ukizama, watu hukohoa wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Wa Obdulia ulielea. Wangu ulizunguka, ukasitasita, ukaelea. Wa Amaro ulizama moja kwa moja kama jiwe. Moyo wangu ulikwenda nao chini. Lakini Obdulia aliyatazama yale maji kwa utulivu ambao sijauona kwake tangu msiba. “Amefika,” akasema. “Arudi tena kufanya nini? Acha apumzike.” Natamani kuwa na yakini kama yake. Sinayo. Nakuambia tu nilichokiona, na kwamba yeye sasa anakula mkate wenye pweza pale mlangoni kwa hamu ya msichana.

Limebaki jambo moja. Mkononi mwangu kilikuwa kimesalia kipande cha nne cha mkate, na kipande hicho ni chako. Wewe pia, Kaka, uliondoka kijana kabla hujafika hapa. Nimekuwa nikifikiri njia nzima: kule Montevideo nani atagonga jiwe kwa fimbo? Nani atashika lango? Hakuna dereva wa kukata tiketi ya kuvuka bahari ile. Nilikitupa kipande chako, kisha nikafumba macho, nikageuka nisione. Obdulia hakufumba. Nilimwuliza umeona nini. Akatafuna kwanza, akameza, akajibu: “Mwambie shemeji aje akitazame mwenyewe.”

Basi njoo. Njoo ungali na miguu, hata kama ni mibovu kama yangu. Tutapanda kilima tukivutana. Kule nyumbani meza ni ndefu, nami nimekwisha mwambia Obdulia kwamba kuanzia leo sahani ya tatu ni yako. Nakukaribisha, Kaka. Nasema mara ya pili: nakukaribisha.

Msalimie Nélida kwa upendo, na mwanao Rosaura na watoto wake. Uxía anakusalimu, na Amaro mdogo, ambaye bado hajui kunung'unika. Shemeji yako Obdulia anakusalimu, ila anasema salamu zilizobaki atakupa ana kwa ana. Mungu akipulizie kifua chako pumzi ya kutosha safari, na Mtakatifu Andrea akuwekee njia kavu.

Ndimi mdogo wako akupendaye, niliyefumba macho,

Dorinda