Mufuko wa Baba Mado

Siku ya ine, magaribi

Nimeufua. Mikono yangu hii hii.

Kila siku ya posho, mwisho wa juma, nilikuwa nafua mifuko ya bwana yangu, ili arudi nayo safi ku shimo. Leo nilikamata ule wa mwisho, ule rafiki zake waliniletea kisha mazishi yake, nikaufua bila kuwaza. Nilizoea tu.

Alikuwa anaandika B.M. na makala, makaa ya moto, juu ya kila mufuko, ili mali yake isichanganyike na ya wengine. Ku depo, wanunuzi wa madini walisoma «bon minerai», madini ya muzuri. Wachimbaji wenzake walisema «Bana Mungu», watoto wa Mungu. Yeye alicheka, akakubali yote. Lakini mi aliniambia siku binti yetu alizaliwa: «Ni Baba Mado. Wengine wasome ya kwao.»

Maji ilitoka nyeusi kidogo, kisha ikakuwa safi. Safi kabisa, mjinga mimi.

Shemeji alinikuta nimekaa chini. «Mama Mado, unalia juu ya mufuko?»

Shimo lilimufunika bwana yangu, na mi nimefuta kile kilibakia.

Nilitafuta kipande cha makala ku mbabula, jiko yetu ya makaa, nikaandika tena B.M., pole pole. B yake ilikuwa inalala kidogo, kama mutu amechoka. Nililalisha yangu vile vile.

Mado ametoka ku masomo, akaweka kidole juu ya herufi. Aliangalia sana.

«Mama, hapa si papa aliandika.»