Kikwembe cha Marehemu Dada

Kalemie

Mama yangu,

Jambo kutoka huku ziwani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kirungu? Likikuuma usipande shambani. Najua hutanisikia, lakini nimesema. Sisi ni wazima. Pikipiki inabeba abiria, chakula kinapatikana.

Habari kubwa ni za mjukuu wako Astrida. Tangu nimlete hapa baada ya kumzika mama yake, alikuwa kuku mgeni mwenye kamba mguuni: shule, nyumba, basi. Kulia hakulia. Majirani wakasema amesahau. Mimi sikuwaamini.

Jumamosi alikwenda sokoni na mke wangu. Mke wangu akageuka, mtoto hayupo. Nikamtafuta kwa pikipiki mpaka nikamkuta karibu na bandari akimfuata mwanamke asiyemjua. Yule mwanamke alivaa kikwembe sawa kabisa na cha marehemu dada, kile cha bluu chenye ndege weupe. Nikamshika mkono, nikamwambia taratibu kwamba yule si mama yake.

"Najua, Mujomba," akanijibu. "Haiko mama. Nilitaka tu nitembee nyuma yake."

Mama, nililia pale pale barabarani, mwanaume mzima, watu wakinitazama. Naye akalia, kwa mara ya kwanza. Tulipomaliza tukanunua mikate, tukala. Tangu hapo anakula vizuri, anacheka, na juzi amepigana na mtoto wa jirani akamshinda. Huyu atapona, nakuambia mimi.

Ila kuna jambo moja. Siku ya kumaliza matanga tuligawana nguo za dada sisi wakubwa, mtoto amekaa palepale, na hakuna aliyemuuliza. Kile cha ndege alipewa mdogo wetu Rejina. Najua anakipenda, na kwetu kilichogawiwa hakirudishwi. Nilifikiri kukiomba hata hivyo, kije na boti ya Moba. Rejina angenuna, na mimi ningemwacha anune. Lakini Astrida mwenyewe amekataa.

Nisalimie Papa mdogo na ng'ombe zake kule Pepa, na shangazi aliyetupikia wakati wa matanga. Rejina umsomee maneno ya mtoto kama alivyoyasema:

"Asikitume. Aje amekivaa, anitangulie mpaka sokoni."

Ni mimi mwanao,
Deo