Aproni ya Bibi Isitafutwe

Bisera,

Gunia la hoho za kusagia ajvar ya kupaka kwenye mkate liko barazani. Zichome leo leo, zisije zikaoza. Baba yako asisogelee moto. Mwaka jana tulikula majivu.

Nimerudi saa tano asubuhi. Kiwandani wametupunguzia saa tena, na mshahara wa Julai hatujauona. Leo msimamizi kaleta karatasi, eti sisi washonaji ndio tuliomba saa zipunguzwe. "Tia saini tu, dada Vaska, ni utaratibu tu huo." Kalamu nilishaishika, mwanangu.

Nikakumbuka king'ora cha kiwanda, enzi zile bibi yako akishona pale. Kikilia jioni, mtaa wote unageuka buluu kwa aproni, naye yuko katikati anacheka, nami namkimbilia nile kipande cha mkate alichonibakishia. Mtu angemletea bibi karatasi ya uongo vile, angelishwa hiyo karatasi.

Sikusaini. Tuko tisa, tunakwenda kwa mkaguzi wa kazi.

~~Bibi asijue.~~ Mwambie bibi. Na asihangaike kuitafuta aproni yake sandukuni. Nimeivaa mimi.

Mama