Herufi Thelathini na Mbili

Kwako kaka,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu tumelelewa hivyo, na hasira haijanisahaulisha malezi. Natumaini u mzima, shemeji ni mzima, na wale mapacha wamepona kikohozi walichokuwa nacho nilipowatembelea mara ya mwisho. Mimi mwili wangu ni mzima. Chakula hakishuki vizuri, na droo yangu ya ofisini naifunga, naondoka, narudi kuhakikisha, naondoka tena, lakini huo si ugonjwa wa kupeleka hospitali.

Nakuandikia kwa sababu ya mambo yaliyotokea kazini. Naomba uyasikilize hadi mwisho bila kusema yale unayosema siku zote, kwamba mimi ni mwoga niliyezidiwa na vitabu. Mwoga ni kweli. Hayo mengine tutayaona.

Nilipoajiriwa katika masjala ya leseni za udereva, uliwatambia majirani kwamba mdogo wako anafanya kazi na kompyuta. Hukuwahi kuiona. Ni sanduku lenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku, lina umri wa miaka kumi na minane, na linanguruma kama friji bovu. Mfumo endeshi wake, yaani ile programu kubwa inayobeba programu nyingine zote, uliachwa na watengenezaji wake zamani. Ukiwa na tundu, hakuna atakayelitia kiraka. Fundi wetu wa kompyuta, ambaye tunamwita Zima-Washa kwa kuwa hana dawa nyingine, aliniambia mashine ile ni kama mzee asiye na ndugu: akianguka hakuna wa kupigiwa simu.

Aliyekuwa akiitunza hasa si fundi bali karani mwandamizi, mama wa miaka hamsini na tisa tunayemwita Mama Rula. Juu ya kioo cha kompyuta kuna karatasi aliyoibandika: JINA LISIZIDI HERUFI 32. Kila fomu ilipokuja, aliweka rula chini ya jina, akahesabu kwa midomo, na likizidi akakata jina la babu. Watu walimlalamikia kwamba anawafutia babu zao. Yeye aliwajibu kwamba babu amekwisha kufa, hatasimamishwa barabarani kuulizwa leseni.

Niliicheka karatasi ile mpaka wiki aliyokwenda likizo. Alikuja mwombaji mwenye jina refu kama treni ya mizigo, nami nikaliandika lote, na babu yake na babu wa babu yake. Kioo kikapepesa. Mbele yangu ukafunguka ukurasa ambao karani wa ngazi yangu haruhusiwi hata kuuona, ukurasa wa msimamizi. Nilizima mashine haraka. Mama Rula aliporudi nilimsimulia, akanionya nisirudie, kwa maana mashine hiyo ikishiba kupita kiasi hutapika. Kwa nini, hakujua. Karatasi aliirithi kwa karani aliyemtangulia.

Mimi nilitaka kujua, ndiyo kasoro yangu. Nilisoma, nikajaribu kidogo kidogo, nikaelewa. Chukulia daftari lenye safu, kaka. Safu ya kwanza ni ya jina, ina nafasi ya herufi thelathini na mbili. Safu inayofuata inaonyesha cheo cha anayeandika. Mashine za siku hizi hupima jina kwanza, likizidi hulikataa. Yetu haipimi. Jina likijaa, herufi zinazobaki zinamwagikia safu ya jirani na kufuta kilichokuwemo. Kwa hiyo mtu akijaza herufi thelathini na mbili za upuuzi, kisha akaongeza nne zinazofaa, mashine inaamini kwamba anayeandika ni msimamizi. Na ombi la msimamizi halisubiri cheti cha daktari. Linapita.

Kwa miaka yote hiyo mlinzi wa tundu hilo alikuwa rula ya plastiki mkononi mwa mama mmoja.

Kisha mwaka jana Mkuu wa ofisi akaamua watu waombe leseni kwa simu zao. Fomu zinaingia mtandaoni moja kwa moja hadi kwenye sanduku letu. Zima-Washa alimwambia kwamba mashine imezeeka mno kutolewa nje. Mkuu alimjibu mbele yetu sote kwamba kitu kilichokaa miaka kumi na minane bila kuugua hakihitaji daktari, hasa daktari wa kuzima na kuwasha. Tulicheka. Mimi peke yangu nilijua kwamba karatasi imebaki kwenye kioo ilhali mikono inayoandika sasa iko nje, nami nilicheka pamoja na wenzangu.

Wiki tatu zilizopita, wakaguzi waligundua leseni arobaini na moja zilizorudishwa kwa madereva walioshindwa kipimo cha afya. Kuna mwenye kifafa. Kuna asiyeona vizuri. Zote zilipitishwa kwa cheo cha msimamizi, na hapa cheo hicho wanacho wawili tu, Mkuu na Mama Rula. Unaweza kukisia Mkuu alimnyooshea nani kidole.

Alituita sote ukumbini. Alimwita mama wa watu nyoka wa masjala. Alimuuliza ni madereva wangapi wamemjengea nyumba. Mama Rula alisema hajawahi kuzidisha herufi thelathini na mbili tangu aanze kazi, na Mkuu akacheka, akauliza tangu lini kompyuta ikapimwa kwa rula kama kitambaa cha suruali. Karani wa dirisha la pili, aliyekuwa akinywa naye chai kila siku, alisema yeye alishamtilia shaka zamani. Walinzi wakamwaga mkoba wake mezani: miwani, kitana, vidonge vya shinikizo la damu, na rula. Rula wakaichukua kama kizibiti. Amebakiza miezi miwili astaafu. Ijumaa hii kesi yake inapelekwa polisi, na Mkuu ameapa kwamba kiinua mgongo atakisikia redioni.

Nilisimama, kaka. Miguu yangu hii hii ilisimama. Nikasema kwamba huenda tatizo ni la mashine, kwamba jina refu linaweza kufurika. Mkuu akanikazia macho, akaniuliza kwa upole, upole wake ndio mbaya zaidi, kwamba Profesa, ndivyo anavyonikejeli, amelijuaje tundu hilo vizuri hivyo, na kama amewahi kulipitia. Nikasema nimesoma tu mahali. Nikakaa. Mama Rula alinitazama mara moja, kisha akaanza kurudisha vitu vyake mkobani, kimoja kimoja.

Wakaguzi walipoyafungua maombi yale walikuta yote arobaini na moja yameanza na jina lile lile, limerudiwa mara nne. Mkuu sasa anadai kuna jambazi la mtandao, mshirika wa Mama Rula, na ameagiza atafutwe kila mahali. Anamwita kwa jina hilo kwenye barua rasmi zenye mhuri.

Jina lenyewe ni KIBOGOYO.

Herufi nane, mara nne, thelathini na mbili kamili. Hakuna jambazi. Ni jina alilokuwa akikuitia marehemu mama ulipong'oka meno ya mbele, na kwa kuwa nilihitaji upuuzi wa kujazia safu, ndilo lililonijia kichwani siku ile.

Sasa nakiri. Daktari alipoandika kwamba jicho lako la kushoto halioni pembeni na leseni yako ikazuiwa, ulikuja kwangu ukalia. Sijawahi kukuona ukilia, hata msibani. Ulisema ni miezi sita tu mpaka upate kazi nyingine. Ningeweza kuipitisha mwenyewe ofisini, lakini mimi ni mtu mwangalifu, si ndiyo? Sikutaka mkono wangu uonekane. Kwa hiyo nilikutumia mstari ule kwenye simu, ukaunakili mwenyewe kwenye fomu, nami nikajidanganya kwamba aliyefanya ni wewe. Nilikuambia uufute, ukaapa kwa kaburi la mama kwamba umeufuta.

Ombi la kwanza katika yale arobaini na moja ni lako. Yanayofuata, mengi ni ya madereva wa stendi yenu. Siri ya watu wawili umeigawa kama karanga. Uliigawa kwa huruma au kwa majisifu, sijui, na nimefika mahali sitaki kujua. Miezi sita imepita, imekuwa kumi na moja, na bado unaendesha basi la viti hamsini na sita kwa jicho moja, ukiniita mimi mwoga.

Uoga wangu ulinifunga mdomo mbele ya mama aliyenionya, na uangalifu wangu ulikupa ufunguo ambao hata mwizi angeuonea haya. Hilo ni langu, silitupi kwako. Lakini sitamwacha mama yule apelekwe polisi kwa ajili ya jina lako la utotoni.

Leo asubuhi nimewapa wakaguzi maelezo yangu. Zima-Washa alikaa kwenye kompyuta nikamwonyesha, herufi kwa herufi, na kioo kikapepesa mbele yao. Hakuna aliyecheka. Mkuu aliniita msaliti, kisha akaomba maji. Fomu ya mtandaoni imefungwa tangu saa tano. Nimeandika majina mawili katika maelezo yale, langu na lako, na nikayatia sahihi. Nimeambiwa nisitoke mjini. Nadhani na wewe utaambiwa hivyo hivyo.

Wasalimie mapacha, waambie baba yao mdogo anawapenda. Wasalimie na majirani zako uliowatambia kazi yangu. Kama utaamua kutonisemesha tena, nitalipokea hilo, ila shikamoo yako nitaendelea kuituma, uijibu usiijibu.

Barua hii sikuituma kwako. Nimempa shemeji mkononi, ikiwa wazi, naye ndiye anayekusomea. Hakuwa na habari ya daktari wala ya jicho. Amezipata kwa mwandiko wangu, nawe umeisikia sauti yake ilipofika pale.

Shemeji, nisamehe kwa mzigo huu. Kesho basi lake linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ufunguo huwa anautundika msumarini nyuma ya mlango. Ukikunja karatasi hii, nenda kautoe.

Mdogo wenu,
Karani