Picha Yangu Dirishani

Mahajanga, Alhamisi

Bado imetundikwa kwenye dirisha la studio: mimi, sokoni Tanambao, kichwa wazi, nacheka. Mwali aliyeposwa haonekani nje hadi harusi, nami nilitoroka asubuhi moja tu.

Leo nimemwomba mpiga picha aiondoe.

"Soko ni la watu wote, bibie," akasema. "Sheria hainizuii. Na umetoka vizuri!"

"Lakini sikukubali."

"Basi mlete baba yako. Akikataa yeye, nitaitoa."

Baba! Yeye ndiye ninayemwogopa.

Kesho mama mkwe anashuka melini kutoka kisiwa cha Nosy Be, na studio inatazamana na gati. Bora Baba asikie kwangu kuliko kwake.

Namsikia Baba chumbani, anamaliza uradi. Nikichelewa, atalala.