Kitanda Nisichokitandika

Jumatatu, 2 Juni
Nimetandika kitanda saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida. Baba Neema alikuwa bado anatafuta soksi. Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu kwenye nyumba ya wageni ya misheni, na mikono yangu haijapata taarifa. Miaka ishirini na minane ya kutandikia watu wengine.

Baridi ya leo ni ya kung'oa meno. Mjimwema nzima, hapa Songea, inatoa mvuke mdomoni. Nimekaa jikoni na chai na simu, natafuta hoteli Dar es Salaam. Siku tatu za joto, mimi na mume wangu. Nataka hoteli ya kifahari. Nimeliandika neno hilo makusudi, nione kama litanicheka. Halikunicheka.

Jumanne, 3 Juni
Hoteli ya kwanza. Bwawa la buluu, mitende, mzungu amelala na kofia usoni. Nikaikuza picha ya kitanda. Shuka linaning'inia upande wa dirishani. Hapo wamejiandaa kupigwa picha! Siku ya kawaida itakuwaje? Nimeifuta.

Ya pili wamekunja taulo zikawa bata. Aliyepata muda wa kukunja bata hakupata muda wa kufuta kioo, alama za kitambaa zinaonekana. Nimeifuta nayo.

Ya tatu ni ndefu, ina lifti, inatazama bahari. Kona za shuka zimekunjwa kama bahasha. Pazia limeshuka sawasawa, halikuvutwa kwa hasira. Huko kuna mtu anayejua kazi. Nimeitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 4 Juni
Nimepiga simu. Binti wa mapokezi ana sauti ya upole. Sikuuliza habari za bwawa. Nimeuliza kama mashuka wanayapiga pasi au wanayakunja tu yakitoka kwenye mashine. Akasema hajawahi kuulizwa hilo tangu aanze kazi. Akaenda kuuliza, akarudi. Yanapigwa pasi, yote, kila siku. Nikamwambia asante mwanangu, niandikie chumba, Alhamisi ijayo mpaka Jumapili.

Ghorofa ya tisa. Nimecheka peke yangu jikoni.

Imebaki kumwambia Baba Neema kwamba hatufikii kwa dada yake.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwambia. Amekuwa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mtu wa huku akienda Dar anafikia kwa ndugu. Haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Kwetu sisi ndugu ni Wifi Sabina, dada yake mkubwa, yuko Kimara. Kulala hotelini wakati dada ana nyumba ni sawa na kumtangaza kwamba ni mchoyo, au mchafu, au vyote viwili. Baba Neema kasema hivyo, na hajakosea. Watu watasema. Watasema mpaka Madaba.

Na mimi nikasema langu. Nimekwenda Dar mara sita. Mara zote sita nimesonga ugali wa watu kumi kwenye joto lile, maana mke wa kaka hakai sebuleni. Nimeosha vyombo, nimetandika magodoro ya wageni wengine. Bahari nimeiona mara moja, kupitia dirisha la gari, tukienda msibani. Nataka kuwa mgeni mara moja kabla sijafa. Mgeni kamili.

Baba Neema akaondoka kwenda Madaba kuangalia maharage shambani. Maharage tulishavuna.

Jumapili, 8 Juni
Tumetoka misa, hata geti la kanisa hatujafika, Baba Neema kaungama kwangu badala ya kwa padri. Jana alimpigia dada yake, akamwambia tunakuja. Hoteli hakuitaja. Wifi ameshafua mapazia.

Nina hasira. Mwanaume mzima, mvi kichwani, anamwogopa dada yake kuliko mkewe.

Jirani yangu, Mama Yusufu, alikuja kuazima ungo, nikammwagia yote. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuisema hivyo. Amekwenda na ungo, nami nimebaki na hilo neno. Sijawahi kumuuliza mwenyeji kama alipona.

Jumatatu, 9 Juni
Nimempigia Wifi mwenyewe. Shikamoo, habari za hapo, kisha nikasema, na hoteli nikaitaja jina. Tutakuja kukusalimia, ila tutalala hotelini. Sababu ni mimi, si kaka yako.

Akasema: "Sawa. Watu wamekua."

Akakata simu. Sikulia, na chumba sikukifuta. Mchana mikono ilikwenda kwenye simu mara mbili kutaka kukifuta. Nikaipa kazi ya kuchambua mchele.

Jumatano, 11 Juni
Nimepanga mizigo. Kiroba cha unga na maharage cha Wifi, apokee asipokee. Gauni la kitenge jipya. Mashuka yangu mawili meupe, niliyoyapiga pasi leo. Najua nimepiga simu, najua nimeona picha. Lakini picha ni picha. Sijalala kwenye shuka nisilolitandika mwenyewe tangu niolewe.

Baba Neema anapiga simu, dada yake hapokei. Amekula nusu ya ugali. Namwonea huruma, ila sio ya kunirudisha nyuma.

Ijumaa, 13 Juni
Jana kutwa kwenye basi. Miguu imevimba, sijali.

Kijana wa hoteli, mwenye glovu nyeupe, alikichukua kiroba changu cha maharage akakiweka juu ya toroli la dhahabu. Kilisukumwa sebuleni mwao kama askofu. Watu wakapisha.

Chumbani nilimwacha Baba Neema ashangae, mimi nikakagua. Nilipitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Safi. Nikainua kona ya godoro. Safi. Nyuma ya choo, mahali wavivu wote wanapojulikana. Safi! Nimechagua sawasawa. Nimechagua kutoka jikoni kwangu Songea, kwa macho yangu mwenyewe, na sikukosea hata kidogo.

Asubuhi nimeaibika kidogo. Zuhura, dada wa usafi, alipoingia alisimama mlangoni akauliza kama tulilala chini. Nilikuwa nimeshatandika. Sikumbuki kutandika. Akazitazama kona zangu, akanitazama, akauliza nilifanya kazi hoteli gani. Tuliongea sana. Ni mtu wa kazi.

Baba Neema kapanda lifti mara nne bila sababu. Lakini kila ikishuka chini anaangalia simu.

Jumamosi, 14 Juni
Wifi amekuja.

Tulikuwa tunajiandaa kwenda kwake. Mapokezi wakapiga simu: kuna mama mmoja, ana hotipoti mbili, hataki kukaa. Nikashuka. Kitenge chake cha sikukuu, midomo imebanwa. Shikamoo. Marahaba, akiitazama taa. Kasema kwa kuwa hatuli tena kwake, chakula kimetufuata. Kapanda nami kuja kuona hicho chumba kinachoishinda nyumba yake.

Akaingia. Akaliangalia dirisha, bahari, kitanda. Akakigusa kitanda kwa kiganja, kama anayepima kitambaa sokoni. Nilikuwa na hotuba nzima nimeiandaa. Yote ikanitoka kichwani. Nikasema: "Wifi, leo wewe ndiye mgeni. Kaa."

Akakaa pembeni, kidogo tu. Nikaagiza juisi, ikaletwa na sinia. Akanywa polepole. Nikamuuliza swali ambalo nilikuja nalo tangu Jumapili, kama sisi wageni tumewahi kumponya.

Akacheka, halafu hakucheka. Akasema: "Toka nihamie Dar, sebule yangu haijakosa godoro la mtu wa nyumbani. Wanakuja wagonjwa, wanakuja wa usaili, wanakuja wa harusi. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa wawili jikoni, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayestarehe.

Akavua viatu. Akasema anajinyoosha dakika tano. Alilala mpaka saa kumi jioni, anakoroma, dada mkubwa wa ukoo mzima. Mimi na Baba Neema tulikaa roshani tukala pilau lake moja kwa moja kwenye hotipoti. Baba Neema alikula mpaka akaomba radhi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii. Naiandika hivyo hivyo.

Alipoamka, alikiweka kilemba vizuri akatoa hukumu. Mtu wa Songea akiuliza, yeye ndiye aliyetuchagulia hoteli. Kaka yake akaitikia haraka kuliko amina. Wifi akaondoka na kiroba, na namba ya mapokezi ndani ya mkoba.

Jumapili, 15 Juni
Nimeamka kumeshapambazuka. Joto. Bahari imetulia.

Leo tunahamia kwa Wifi, kesho alfajiri basi. Kasema nisiguse mwiko, tutakula wali wa kununua. Mashuka yangu mawili yamekaa kwenye begi, hayajafunguliwa. Nampa yeye. Kitanda chake nitakitandika mimi, kona kama bahasha.

Baba Neema yuko bafuni, anaimba wimbo wa misa.

Nimesimama kando ya kitanda. Mikono imeinuka yenyewe. Nimeishusha. Mto mmoja uko chini, shuka limejikunja katikati, upande wangu kuna bonde la mwili wangu.

Zuhura amegonga. Nimemfungulia. Ameangalia kitanda, ametabasamu, akasema leo mama umelala.

Nimelala.